Msusi Ameacha Kulipia Jarida

Ofisini walimwita Bi Maoni, na jina hilo likamganda hadi ndugu zake nao wakalichukua. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye ukurasa wa wasomaji katika jarida moja la sanaa. Yeyote aliyekuwa na la kusema juu ya tamthilia, filamu, wimbo au riwaya iliyozungumziwa humo, maneno yake yalipitia kwanza mikononi mwa Bi Maoni. Alisahihisha herufi zilizoteleza, hakugusa hasira ya mtu. Kisha aliyapanga ukurasani kama mwenyeji anavyokalisha wageni: mkali hakumweka karibu na mkali mwenzake, na mwenye mzaha alimwacha wa mwisho ili watu waondoke wakicheka.

Meza yake ilikuwa kwenye kipande cha korido kilichowekewa mlango kikaitwa chumba, katikati ya mashine ya kurudufu na dirisha ambalo halikufungika sawasawa. Mvua ikinyesha alisogeza karatasi zake upande wa mashine. Jua likiwaka alizirudisha. Mumewe alifariki kabla hawajapata mtoto, naye akahamia kwa mdogo wake, fundi wa miwani, wakaishi wawili katika nyumba yenye vyumba viwili na maneno mengi. Mdogo wake alizoea kuwaambia wageni, "Dada yangu ana watoto wengi sana, na wote ni wabishi."

Ubishi wenyewe ulichochewa na mtu mmoja. Jarida lilikuwa na mhakiki ambaye wasomaji walimbandika jina la Msumari. Alikuwa mwanamume mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi hadi linakaribia kukatika, anayekaa kiti cha pembeni ukumbini na asicheke hata jirani zake wanapofutana machozi. Aliwahi kuandika juu ya mwimbaji mmoja maarufu: "Ana sauti nzuri. Tatizo ni kwamba analijua hilo." Juu ya filamu fulani aliandika: "Ina mwisho mzuri, ila unachelewa mno." Kurasa zake zikitoka tu, simu ya Bi Maoni haikupumzika.

"Mwambieni aimbe yeye tusikie!"

"Nafuta usajili wangu leo hii! Mimi na jarida lenu basi!"

Huyu wa pili Bi Maoni alimjibu kwa upole, "Sawa, mpendwa. Nikuandike unaondoka, au nikuandike umekasirika?"

Mpigaji alishusha sauti. "Niandike nimekasirika."

Na mwaka ukiisha, mtu huyohuyo alikuwa wa kwanza kulipia mwaka mwingine. Bi Maoni hakuogopa makelele. Alisema mtu anayetishia kuondoka bado ameshika kitasa cha mlango kwa ndani. Wa kuogopwa ni yule anayeondoka kimyakimya.

Katika wabishi wote, mmoja alikuwa kipenzi chake. Alikuwa mwanamke mwenye saluni, aliyeandika kila toleo na kutia sahihi kwa neno moja: Msusi. Aliwasomea wateja wake kurasa za Msumari kwa sauti huku akisuka, na kwa kuwa mtu aliyesukwa nusu kichwa hawezi kukimbia, kila mteja alilazimika kuwa na msimamo. Safari moja aliandika: "Tumebishana juu ya ile filamu hadi nimesuka mistari inayoelekea sikioni badala ya kisogoni. Mteja anadai nirudie bure. Msumari aje ashike kichana." Ofisi nzima ilicheka. Msumari mwenyewe hakucheka, lakini alikata kipande hicho akakiweka kwenye droo ya meza yake, na tangu siku hiyo, kabla hajampelekea mhariri kazi yake, alimpitishia kwanza Bi Maoni akauliza, "Unadhani yule mama atasemaje?"

Basi wakaenda hivyo miaka mingi, kama watani wasioonana. Kisha maoni ya Msusi yakaacha kuja. Bi Maoni alidhani anaumwa. Toleo lililofuata alidhani amesafiri. Alipotazama upande wa usajili akaona mwaka wake umekwisha na haukulipiwa, wala hakukuwa na neno la hasira hata moja.

Wakati huohuo mambo ya jarida yalikuwa yanakwenda mrama. Mwanzilishi alifariki, mwanawe akakikalia kiti. Alikuwa kijana mwenye adabu, mwenye viatu visivyo na sauti, na wote walimwita Bosi. Alikuja hadi mezani kwa Bi Maoni, akasimama kando ya mashine ya kurudufu.

"Mama," alisema, "wasomaji wanatukimbia. Wewe wanakuamini. Wapigie waliotuacha, waulize sababu. Wanaokaa karibu, wafuate hata majumbani. Nataka kujua wanasema nini, neno kwa neno."

Bi Maoni alifurahi. Moyoni alisema, kumbe kijana ana masikio. Akaanza kupiga simu.

Alichokutana nacho hakikuwa hasira. Angepata hasira angeshukuru. Mmoja alisema, "Loo, kumbe bado mpo?" Mwingine alidhani anadaiwa, akakata. Mama mmoja mwenye sauti ya taratibu alisema jarida lilikuwa la marehemu mume wake. Yeye alikuwa akiendelea kulilipia kwa sababu hakujua namna ya kumwambia yule mpeleka magazeti kwamba msomaji hayupo. "Lakini mume wako aliwahi kutuandikia," Bi Maoni alisema, "alimtetea Msumari." Yule mama akajibu, "Inawezekana. Mimi sikuwa nayasoma." Bwana mmoja alikiri kwamba alikuwa anasoma ukurasa wa maoni peke yake, hajawahi kusoma uhakiki hata siku moja. "Nilikuwa naangalia ugomvi tu," alisema, "na sasa ugomvi upo kwenye simu, tena bure."

Kila jioni alirudi nyumbani ameinama kidogo kuliko jana. Mdogo wake alimwekea chai akamwambia, "Dada, hao si watoto wako tena. Wameoa, wameolewa, wana kwao." Alitaka kumchekesha, hakufaulu.

Msusi alimwacha wa mwisho, na hakumpigia simu. Alimfuata.

Saluni ilikuwa na viti vitatu, vioo vitatu, na televisheni ukutani inayoonyesha picha bila sauti. Wateja walikuwa wameinamia simu zao. Mwanamke mnene mwenye aproni ya buluu alikuwa akimchana mmoja wao nywele za utosini.

"Karibu dada, kusuka au kuosha?"

"Nimekuja kukuona wewe. Mimi ndiye Bi Maoni."

Kichana kilibaki hewani. Kisha Msusi akacheka kicheko kikubwa kilichotoka tumboni, akamkumbatia kwa viwiko, maana viganja vilikuwa na mafuta. "Jamani! Nilidhani wewe ni mwanamume mwenye miwani!" Akamvutia kiti, akamletea chai, akamwonyesha wateja: huyu ndiye aliyekuwa ananichapisha. Wateja waliinua nyuso, wakatabasamu, wakarudi kwenye simu zao.

Bi Maoni alimuuliza kilichompata. Msusi akasema ni maisha tu, dada, watu siku hizi hawasomi, macho nayo yanachoka. Alizungumza huku anachana, haraka haraka, kama anayefagia uchafu usionekane. Bi Maoni hakumkatiza. Aliwajua watu wake. Neno la kweli huja nyuma. Mteja alipoingizwa kichwa kwenye mashine ya kukaushia, asiweze kusikia kitu, Msusi akaketi kiti cha pili.

"Nina binti mmoja," alisema. "Alikuwa anasuka hapahapa. Akaingia kikundi cha maigizo. Alikuwa anafanya mazoezi na hii mashine, anaiita mume wangu, anailaumu kwa kurudi nyumbani amechelewa. Tulicheka, we acha tu. Siku ya kuonyesha nilivaa nguo mpya. Nikamwona Msumari, kiti cha pembeni. Nikamwambia jirani yangu, leo mwanangu anatazamwa na mkubwa mwenyewe."

"Akaandika?"

"Akaandika mstari mmoja. 'Binti aliyeigiza mke alisimama jukwaani kama mtu aliyetumwa kulinda viti.'"

Bi Maoni aliukumbuka ule mstari. Aliucheka siku ile, mbele ya mashine ya kurudufu.

"Jarida lilipofika nilikuwa na mikono majini," Msusi aliendelea. "Mteja akalichukua akaanza kusoma kwa sauti, maana ndivyo nilivyowazoesha. Akasoma mpaka mwisho, maskini, na wenzake wakaangua kicheko. Ndipo akakumbuka binti yupo hapo nyuma anasuka."

"Binti alisema nini?"

"Alimaliza kichwa alichokianza. Akafagia. Sasa yuko mji mwingine, anakaa mapokezi kwenye kampuni. Hunipigia. Tunazungumza hali ya hewa na mguu wangu. Nikimwambia kuna igizo zuri limekuja, ananiuliza, mama, mguu unaendeleaje?"

Bi Maoni alikosa pa kuweka kikombe. "Ungeniandikia, ndugu yangu. Ningekupa ukurasa mzima umjibu."

"Nimjibu nini? Kwamba amekosea?" Msusi alitikisa kichwa. "Nilikuwepo, dada. Mwanangu alisimama hivyohivyo. Kama Msumari angekosea ningemrarua, na leo tungekuwa tunacheka. Alisema kweli. Ndiyo maana siwezi tena kumsoma. Na wale wengine wote je? Yule mwimbaji anayejua ana sauti nzuri, nilimcheka wiki nzima. Kumbe naye ana mama. Wanasema mwosha huoshwa. Nilikuwa nadhani maji hayo yana joto."

Akainuka kumtoa mteja kwenye mashine. Alipomsindikiza Bi Maoni mlangoni, hakumwambia atalipia tena, wala Bi Maoni hakumwomba.

Ripoti aliitoa kwa mdomo, ofisini kwa Bosi, neno kwa neno kama alivyoagizwa. Alisimulia ya mjane, ya mtazama ugomvi, na ya Msusi bila kuacha kitu. Alidhani anamfungulia kijana mlango, aone jinsi maneno ya jarida yalivyoingia ndani kabisa ya nyumba za watu. Bosi alisikiliza vizuri sana. Alipomaliza, akapiga meza kwa kiganja, taratibu.

"Umeona, Mama? Uhakiki unafukuza wateja."

"Sikusema hivyo, Bosi. Hata huyo mama mwenyewe amekubali kwamba hakuonewa."

"Lakini ameondoka."

Bi Maoni alirudi koridoni, kwenye meza yake, akaisogeza simu pembeni.

Kabla ya toleo lililofuata, kurasa za Msumari ziliondolewa. Mahali pake pakawekwa sehemu mpya iliyoitwa "Tumependa", ambayo ndani yake kila mwimbaji alikuwa nyota na kila riwaya ilikuwa ya kusomwa bila kuwekwa chini. Msumari alipewa barua ya shukrani na kalamu ndani ya kiboksi. Alikuja kwa Bi Maoni akiwa amekishika kama mtu aliyeokota kitu asichojua cha nani.

"Nasikia Msusi ndiye aliyenifukuzisha kazi."

"Hakukufukuzisha yeye, Mzee. Ni mimi. Nilisimulia."

Akamweleza yote. Msumari alikunja uso. "Tamthilia gani hiyo?"

Akamtajia ukumbi. Akamweleza mambo ya igizo, mume mlevi, mke, viti vingi vya plastiki jukwaani. Msumari alitikisa kichwa, hakukumbuka. Bi Maoni akamsomea ule mstari kwa kichwa. Hapo midomo ya Msumari ilicheza kidogo, kama ya fundi anayeonyeshwa kiungo alichokichonga zamani akaona bado kimebana. Ilikuwa karibu tabasamu. Kisha akamwona Bi Maoni anavyomtazama, na uso wote ukamshuka.

"Nipeleke," alisema.

Bi Maoni hakutaka, akampeleka. Wakamkuta Msusi hana mteja, anakunja taulo. Alimjua Msumari kabla hajatambulishwa, na hakucheka, wala hakununa.

"Karibu, Mzee. Kaa."

"Nimekuja kwa ajili ya binti yako."

"Hajambo, tunashukuru."

"Yale maneno niliyoandika..."

"Yalikuwa maneno ya kazi, Mzee. Na mimi nina kazi yangu, nakata nywele ambazo wenyewe wanazipenda. Chai?"

Msumari alisema hapana, kisha akasema ndiyo. Bi Maoni aliwatazama wale wawili. Kwenye karatasi walikuwa wametukanana kama shemeji waliokulia nyumba moja. Sasa walikaa kama watu wanaosubiri kuitwa kwenye dirisha la benki. Laiti mmoja angetupa neno la utani, hata baya.

"Labda nilikosea," Msumari alisema mwishoni, sauti ndogo. "Labda sikumtazama vizuri. Labda ule usimamaji wake ulikuwa na maana yake."

Hapo ndipo Msusi alipokasirika, mara moja tu. Aliweka taulo chini.

"Usithubutu. Ulisema kweli ukamvunja mwanangu. Leo unataka kusema uongo ili upone wewe?"

Akachukua taulo nyingine. Akakunja, akapanga, akafuta kioo ambacho hakikuwa na doa. Walipoaga alisema, "Karibuni tena," kama anavyowaambia wote.

Walipofika njia panda, Msumari alisimama. "Nilidhani namwandikia adui yangu," alisema. "Kumbe nilikuwa namwandikia yule mama, na nyuma yake kuna mwingine nisiyemwona." Akavuka barabara bila kuaga.

Gazeti moja lilimwita aandike. Alijaribu. Bi Maoni alimtembelea akamkuta amekaa sebuleni, shati halikupigwa pasi, na karatasi mbele yake ina kichwa cha habari peke yake. "Nikikaa ukumbini siwaoni waigizaji tena," alimwambia. "Naona mama zao, safu nzima. Nikitaka kusifu, naona ninadanganya. Nikitaka kusema kweli, mkono hauendi." Gazeti likasubiri, likachoka, likamtafuta mtu mwingine. Baadaye hata ukumbini akaacha kwenda. Mara ya mwisho Bi Maoni alipobisha hodi, Msumari alizungumza naye akiwa amesimama kizingitini, akamwambia kichwa kinamuuma.

Jarida nalo, sehemu ya "Tumependa" ililifurahisha kwa matoleo machache. Wasanii waliosifiwa waliandika kushukuru. Kisha wasomaji waliosalia wakaanza kuuliza. "Mbona kila kitu ni kizuri? Mmegeuka tangazo la sabuni?" Mwingine aliandika, "Nikitaka kusikia sifa nitakwenda harusini, kule angalau kuna chakula." Bi Maoni aliyapeleka maneno hayo kwa Bosi, neno kwa neno, akidhani sasa pengine atayapima. Bosi alisema, "Mama, watu hawaridhiki na chochote," na maneno hayo hayakuchapishwa. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena. Simu ilikaa mezani imefunga mdomo. Wale waliokimbia uhakiki hawakurudi kwa ajili ya sifa, na wale waliobaki kwa ajili ya uhakiki hawakuwa na cha kubakia. Ukurasa wa wasomaji ukawa nusu ukurasa, nusu ikawa kisanduku, na kisanduku akapewa muuza magodoro.

Siku aliyoambiwa kwamba ataitwa akihitajika, Bi Maoni alifuta meza yake, akafunga dirisha hadi pale lilipokubali, akaondoka. Hakuitwa. Jarida lenyewe halikumaliza mwaka. Hakukuwa na aliyelalamika, na kama alikuwepo, hakuwa na pa kuandika.

Alipita mara mbili mbele ya ile saluni. Mara ya kwanza alimwona Msusi kupitia kioo, anasuka, kichwa kimeinama, mteja ameinamia simu. Alishika kitasa. Akafikiri atamwambia nini. Msumari haandiki tena, wabishane juu ya nani? Akakiachia. Mara ya pili hakusimama.

Mdogo wake, kwa kuona dada yake anaketi jikoni tangu asubuhi akitazama nje, alimnunulia tiketi ya igizo siku ya mapumziko, mchana. Walikaa katikati ya ukumbi. Palikuwa na mume, mke, jirani mbea, na mlango uliokuwa ukifunguka wenyewe kila ukifungwa. Watu walicheka, watu walipiga makofi. Walipokuwa wanatoka, msichana mmoja mwenye fulana ya wadhamini aliwaelekezea kibao chenye msimbo wa kupiga kwa simu, ili waupe mchezo nyota, moja hadi tano. Mdogo wake akabonyeza zote tano, maana, alisema, mlango umemfurahisha.

Nje kulikuwa na jua kali. Walitembea hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Haya, Dada," mdogo wake alisema, kwa ile sauti ya kumchokoza ambayo zamani haikushindwa kumwamsha. "Umeonaje?"

"Zuri."

"Zuri vipi? Yule mke je? Mimi nilimwona kama amekariri tu."

Bi Maoni alimfikiria yule mke, msichana mwembamba aliyekuwa hajui afanye nini na mikono yake. Akafikiri, pengine mama yake alikuwa humo ukumbini, amevaa nguo mpya.

"Zuri tu," alisema. "Twende nyumbani."